Mvua ya Jumamosi

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma visogo vya watu, mke wa mtunza mnara alifungua kufuli la uzio wa waya, akavua ndala zake nje kama anayeingia sebuleni kwa mtu, na kuanza kufanya usafi. Hakuna aliyemwambia avue ndala. Ni heshima zake tu. Ndani ya uzio ule mlikuwa na mnara wa chuma wa mita thelathini, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, umeshikiliwa na nyaya pande tatu usije ukalala. Juu kabisa vilizunguka vikombe vitatu vyeusi vya kupima mwendo wa upepo, na kando yake mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Chini, juu ya nguzo fupi iliyomfika kiunoni, kulikuwa na kipimamvua: pipa dogo jeupe lenye mdomo wazi wa faneli.

Alianza kwa kufuta kioo cha sola. Akang'oa nyasi, kama kulikuwa na nyasi ya kung'oa. Kipimamvua alikiacha mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Vumbi la msimu ule halikuwa la mchezo. Liliingia masikioni, kwenye chumvi, kwenye meno ya watoto waliolala, na ndani ya faneli liliganda likawa kama ukoko wa sufuria. Akachukua kikombe cha bati cha nusu lita, akamimina maji taratibu, akizungusha mkono, akisugua kwa kidole kilichofungwa kitambaa, mpaka weupe ukarudi. Kutoka ndani ya pipa alisikia mlio mdogo: tik, tik, tik. Aliupenda mlio ule. Alidhani ni maji yanatafuta njia ya kutokea.

Maji yenyewe yalikuwa ya kuazima. Kisima kilikuwa kimebaki tope, na bomba la karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima kwenda na saa na nusu kurudi, maana kurudi una ndoo kichwani. Jirani yake, fundi cherehani, alikuwa na tangi la plastiki alilolijaza kabla mambo hayajaharibika. Kila Jumamosi walikutana kwenye ua wa miti baina ya nyumba zao, na fundi cherehani akapitisha kikombe kimejaa pomoni.

"Chukua, shoga yangu."

"Nakumalizia maji yako."

"We nawe! Mnara ukichafuka si watasema mashine imeharibika, fidia hakuna? Osha. Mimi nitaoga nusu."

Maana kila mtu pale alijua mnara ule ulikuwa na kazi gani. Zamani, ulipojengwa, walisema ni wa kupima upepo, labda siku moja yatakuja mapanga makubwa ya kuzalisha umeme. Mapanga hayakuja. Badala yake walikuja watu wa bima ya mazao. Ukinunua mbegu, unakata na bima. Mvua ikishindwa kufika milimita tisini kabla mahindi hayajatoa ndevu, unalipwa. Hakuna mtu wa kuja kukagua shamba, hakuna wa kumbembeleza. Mnara unapima, unatuma namba wenyewe kwa mtandao, biashara imekwisha. Na mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Kwa hiyo watu walikuwa wakiutazama ule mnara kama mtu anavyomtazama shahidi wake mahakamani.

Tatizo moja tu, nalo lilikuwa siri ya nyumba: mtunza mnara hakuwa anatunza mnara. Miezi miwili na siku kadhaa nyuma, akishuka kutoka kusafisha vile vikombe vya juu, mguu uliteleza zikiwa zimebaki ngazi nane au tisa. Akaangukia nyonga. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kitandani na fimbo, na kampuni haikujua. Kila Ijumaa injinia alipopiga simu kutoka mjini, alijikaza akaijibu kwa sauti ya mtu aliyesimama.

"Kila kitu safi, bosi."

"Juu umepanda?"

"Nimepanda, bosi."

Mtunza mnara asiyeweza kupanda mnara hana kazi. Hilo liliandikwa kwenye mkataba na lilieleweka hata bila kuandikwa. Mshahara ule ndio uliokuwa unga, mafuta ya taa, na dawa za maumivu. Ndiyo maana mkewe alishika ufunguo. Mumewe alimweleza kazi akiwa amelala chali, akihesabu kwa vidole: futa sola, ng'oa nyasi, angalia nyaya, osha kipimamvua kila Jumamosi. Na mkewe alikuwa mtu ambaye ukimpa kazi haachi kona.

* * *

Mkutano wa fidia ulifanyika darasani, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mwakilishi wa bima alikuwa binti mdogo mwenye miwani, wenyewe wakimwita dada wa bima, mpole, si mtu wa maringo. Alikuja na karatasi zake ndani ya bahasha ya plastiki. Alisalimia kila mtu vizuri. Halafu akasafisha koo.

"Msimu huu, kuanzia siku ya kupanda mpaka siku ya kufunga hesabu, kituo chenu kimepokea milimita mia moja hamsini na tisa."

Kwanza watu walicheka. Walicheka kweli, kicheko cha tumboni, wakidhani binti amekosea kusoma.

"Dada," alisema muuza mkaa, akijifuta macho, "hiyo mvua ilinyesha kwa nani? Tuonyeshe nyumba yake twende tukamwombe radhi, maana hatukuiona."

"Ndiyo namba iliyotumwa na mnara, mzee wangu."

"Mnara upi?"

"Huu wenu."

Kicheko kikaisha. Mke wa mtunza mnara alikuwa dawati la pili, bega kwa bega na fundi cherehani. Alikuwa bado anatabasamu kwa mabaki ya utani wa muuza mkaa. Alikuwa na hakika kuna karatasi zimechanganywa, ya hapa imekwenda kwingine.

"Basi tusomee," alisema fundi cherehani. "Ilinyesha lini na lini?"

Dada wa bima akafunua ukurasa wa pili. Mvua za mwanzo zilikuwa zile walizozijua, manyunyu matatu ya wiki ya kupanda, jumla milimita thelathini na moja. Watu wakaitikia, hizo sawa. Kisha akaendelea. "Tarehe sita, saa tatu na dakika kumi asubuhi, milimita kumi na sita. Tarehe kumi na tatu, saa tatu na dakika tano, milimita kumi na sita. Tarehe ishirini, saa tatu na robo, milimita kumi na sita. Tarehe ishirini na saba..."

Mke wa mtunza mnara hakusikia zilizobaki. Tabasamu lilikuwa bado mdomoni, limesahaulika pale. Alizihesabu tarehe kwa kidole kwenye paja lake, chini ya dawati: sita, kumi na tatu, ishirini. Jumamosi. Jumamosi. Jumamosi. Masikioni ule mlio ukaanza, tik, tik, tik, na sasa alijua ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unahesabu.

"Shoga," fundi cherehani alimtikisa mkono, "simama useme! Wewe ndiye unayelala na huo mnara dirishani. Waambie haijanyesha!"

Darasa zima likageuka. Akasimama. Kiti cha mtoto kikamshika gauni, akalivuta, likachanika kidogo, na kuna mtu alicheka nyuma.

"Haijanyesha," alisema.

"Nakuelewa, mama," alisema dada wa bima kwa upole uleule. "Lakini mashine haina sababu ya kusema uongo. Na kwenye rekodi, kituo chenu hakijapata hitilafu hata siku moja. Kimetunzwa vizuri kuliko vyote."

Akakaa. Kiwango kilikuwa tisini, wao walikuwa na mia na hamsini na tisa. Hakukuwa na fidia. Mwenye pingamizi aliandike alipeleke ofisini ndani ya siku saba. Watu walitoka wakitukana serikali, kampuni, mbingu, na simu zao. Hakuna aliyemtukana yeye. Fundi cherehani alimshonea lile gauni hapohapo nje, kwa sindano aliyoichomoa kwenye ukosi wake, huku akisonya.

"Usijali, shoga. Umejitahidi kusema."

* * *

Alimkuta mama mkwe mlangoni, amekaa juu ya gunia, anajisugua goti. Bibi yule alikuwa na imani na goti lake kuliko mnara wowote.

"Wamelipa?"

"Hawajalipa, mama. Wanasema imenyesha."

"Imenyesha wapi? Goti langu halijauma tangu kupanda! Ungewaambia waje wapime goti!"

Siku nyingine angecheka. Akapita, akaingia chumbani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kitanda cha mumewe.

"Ulipokuwa unaosha kipimamvua, ulikuwa unaosha vipi?"

"Si nilikueleza? Unamwagia maji, unasugua."

"Kabla ya kumwagia maji, ulikuwa unafanya nini?"

Mume alimtazama, akaona uso wake, akaanza kufikiri. Alifunga macho. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka juu ya shuka, ukaenda hewani mahali ambapo pangekuwa na nguzo, vidole viwili vikashika kitu kisichokuwepo, vikakizungusha nusu, vikakivuta. Akafungua macho. Akautazama mkono wake.

"Waya," alisema.

"Waya gani?"

"Mweusi. Chini ya pipa. Unauchomoa kwanza ndio unaosha, ukimaliza unauchomeka." Sauti ilianza kumpotea. "Nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, mama watoto, lazima nilikuambia."

"Niapie."

Hakuapa. Miaka minne alikuwa akiuchomoa waya ule bila kufikiri, kama mtu anavyofungua vifungo vya shati. Mkono ulikuwa unajua, mdomo haukuwahi kuulizwa. Alipohesabu kazi kwa vidole siku ile, waya haukuwa na kidole chake. Mkewe akateleza ukutani mpaka chini, akakaa sakafuni, akaeleza tarehe moja baada ya nyingine. Alipofika ya nane, mume alijigeuza kuelekea ukutani. Nyonga ikamuuma, akaguna, lakini hakugeuka tena.

"Nakwenda kuwaambia," alisema mke.

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba ni mimi. Wazitoe hizo za Jumamosi, zibaki thelathini na moja. Watu walipwe."

"Na wakiuliza wewe ulikuwa unafanya nini ndani ya uzio? Wakiuliza mtunza alikuwa wapi? Mimi siwezi kwenda hata chooni bila kushikwa, nawe unataka kuwaita waje kunitazama!" Alikuwa analia, mtu mzima, akiuelekea ukuta. "Nipe mwezi mmoja. Daktari amesema nikiwekewa chuma kwenye nyonga nitapanda. Mwezi mmoja tu nakuomba. Tutakula nini?"

Mke akanyanyuka sakafuni, akamfunika shuka. Ilikuwa haki ya mume kuuliza tutakula nini.

* * *

Mke akanyamaza siku moja, akanyamaza mbili. Siku ya tatu alikwenda bombani kwa njia ndefu ili asipite mbele ya nyumba za watu. Siku ya nne watu wawili walimsimamisha kumpa pole, ati hata wao wa mnara hawakupata fidia, akapokea pole yao kwa mikono miwili na kushukuru. Kuna aibu za kutukanwa, na kuna ile ya kupewa pole usiyostahili.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi.

Hata hakuwa na nia ya kwenda, lakini saa tatu fundi cherehani alikuwa ameshafika kwenye ua, kikombe mkononi, kimejaa pomoni kama kawaida.

"Osha, shoga. Tena leo osha sana. Tumeandika pingamizi, watakuja kukagua, wasije wakakuta uchafu wakapata kisingizio."

"Tangi lako limebaki kiasi gani?"

"Acha tangi. Tangi likiisha nitakunywa jasho." Akacheka, kisha kicheko kikaishia njiani. "Mwenye duka la mbegu kanitumia ujumbe. Cherehani niliyoweka rehani kwa mbegu zake, mwisho wa mwezi anakuja kuichukua kama sijalipa. Nikamwambia asubiri, mnara utasahihishwa, haiwezekani mashine ishinde macho ya watu wote. Au vipi?"

"Eh," alisema mke wa mtunza mnara.

Aliingia ndani ya uzio. Akavua ndala. Akainama chini ya pipa, akauona waya mweusi, mfupi, wa kipumbavu, urefu wa shibiri moja. Akaushika kwa vidole viwili, akazungusha nusu, akavuta. Ukatoka bila ubishi. Akamimina maji ya jirani yake ndani ya faneli. Tik, tik, tik. Mlio uleule, ila safari hii ulikuwa unamhesabia hewa. Akaketi juu ya zege la mnara, akalia mpaka kamasi. Alipomaliza alijifuta, akauchomeka waya, akafunga kufuli, akapiga moyo konde.

Jumatatu asubuhi, kabla mumewe hajaamka, alimwachia mama mkwe uji na kwenda mjini.

Mlinzi wa ofisi alimtazama miguu yenye vumbi. "Mama, kama ni msaada, hapa hatutoi misaada." Akaambiwa akae kwenye benchi, akakaa mpaka saa sita. Dada wa bima alipomwita, alimpa kiti na maji ya chupa, na yale maji ya chupa nusura yamtoe machozi upya. Akasema yote. Waya, kikombe, Jumamosi nane, nyonga ya mumewe. Hakujitetea mahali popote.

Dada wa bima aliacha kuandika katikati.

"Mama, unajua unachosema? Nikiandika hapa siwezi kukifuta."

"Andika, mwanangu. Halafu toa hizo za Jumamosi. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Mia na hamsini na tisa, toa mia na ishirini na nane. Zinabaki thelathini na moja. Kila mtu alipwe, mimi mnifunge."

"Hakuna wa kukufunga." Binti alivua miwani, akaisugua bila sababu. "Hata mimi naona ni hesabu ya mtoto wa shule. Ngoja injinia aje."

* * *

Injinia alikuja Jumatano kwa gari la kampuni, na watu wakaja kabla hajazima injini. Walijipanga nje ya uzio, vidole kwenye waya, fundi cherehani mbele kabisa, amevaa gauni lake la kutokea. Walidhani pingamizi lao limeshinda.

Mtunza mnara alikuwa ameshajua. Mkewe alimwambia jioni ile ile aliporudi, naye hakumsemesha tangu hapo. Lakini asubuhi ile alinyoa ndevu. Alivaa shati la kampuni. Aliiacha fimbo ndani, akatoka akijishika ukuta, kisha ua, kisha uzio, mpaka akaufikia waya mmoja wa mnara na kuuegemea, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyepumzika kidogo katikati ya kazi. Jasho lilimtoka kama yuko jikoni.

"Mzima?" injinia alimwuliza.

"Mzima kabisa, bosi."

"Nimeambiwa hupandi."

"Wamekudanganya, bosi. Maneno ya watu."

"Basi panda kidogo nikuone."

Injinia hakusema kwa ubaya. Alikuwa na fomu mkononi yenye mahali pa kuweka alama. Mtunza mnara aliuachia waya, akatupa hatua mbili, akaishika ngazi. Akaweka mguu mzuri kwenye daraja la kwanza. Akavuta pumzi, akajaribu kuunyanyua ule mwingine. Ulinyanyuka kiasi cha kopo la chumvi, ukabaki hapo, unatetemeka. Vikombe vya juu vilikuwa vinazunguka kwa furaha zao.

"Hawezi," alisema mkewe. "Mwache, baba. Hawezi. Kazi nilikuwa nafanya mimi."

Mama mkwe, kule mlangoni, akaanza kulia kwa sauti kama pana msiba.

Ilibidi asimulie tena, safari hii mbele ya watu, maana injinia aliuliza maswali yake kwa sauti ya kawaida na uzio wa waya haufichi kitu. Injinia akapiga magoti, akauchomoa ule waya mweusi, akauchomeka, akamimina chupa yake ya maji ndani ya pipa, akatazama simu yake. "Ndiyo," alisema. "Imesoma mvua." Akasimama, akajipangusa magoti, akampigia mtu simu, akasogea pembeni, akaongea kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa hatazami mtu machoni.

"Zimetolewa?" aliuliza mke wa mtunza mnara. "Za Jumamosi?"

"Haziwezi kutolewa. Mkataba hauruhusu mtu kuchagua namba. Kituo kikiguswa na mtu asiyesajiliwa, rekodi yote ya msimu ni batili."

"Batili maana yake nini?" aliuliza muuza mkaa kupitia waya.

"Maana yake haitumiki. Si kwamba mvua ilinyesha, wala si kwamba haikunyesha. Kwa mkataba, msimu huu haukuwepo."

"Haukuwepo?"

"Haukuwepo, mzee. Na bima hailipi msimu ambao haukuwepo."

Muuza mkaa aligeuka nyuma akayatazama mashamba, mabua yale yamesimama yamekauka, rangi ya karatasi kuukuu, kama anayehakikisha bado yapo. Kuna mwanamke alisema jamani, jamani, jamani. Fundi cherehani alikuwa anamtazama mke wa mtunza mnara kupitia matundu ya uzio, kichwa amekiinamisha upande, kama anayetafuta mahali nguo ilipokosewa.

"Maji yale?" alisema hatimaye. "Yale niliyokuwa nakupa?"

"Ndiyo, shoga."

"Ulijua siku ya mkutano?"

Angeweza kusema hapana. "Nilijua pale darasani."

"Nikakushonea gauni," alisema fundi cherehani. "Nikakupa na mengine Jumamosi."

Akavitoa vidole vyake kwenye waya kimoja kimoja, akaondoka.

* * *

Mnara ulishushwa wiki iliyofuata na vijana wanne kwa nusu siku tu. Kampuni ilisema eneo lile halina uaminifu wa takwimu. Waliondoka na vikombe, mshale, sola, pipa jeupe, na shati la mtunza mnara, maana nalo lilikuwa mali ya kampuni. Alilivua mbele yao akabaki na fulana. Mshahara wa mwezi wa mwisho ulizuiwa kwa sababu ya taarifa za uongo kwenye simu za Ijumaa. Habari ya chuma kwenye nyonga haikuzungumzwa tena ndani ya nyumba. Mume alirudi kwenye ukuta wake. Siku moja tu, bila kugeuka, alisema, "Ungenyamaza, wasingelipwa vilevile, na sisi tungekula." Mkewe alikaa na maneno hayo kutwa nzima akitafuta mahali yalipokosea, hakupaona.

Mwisho wa mwezi alisikia mkokoteni kwa jirani. Alichungulia kupitia ua, akaona cherehani inafungwa kamba, na fundi anawaelekeza wabebaji wasivunje gurudumu, kana kwamba bado ni lake. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya injinia.

Asubuhi yake alichukua ndoo kubwa ya lita ishirini, akaenda bombani kabla jua halijachomoza, akapanga foleni, akarudi nayo kichwani ile saa na nusu bila kupumzika. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa fundi cherehani, akapiga hodi.

Fundi alifungua. Nyuma yake, chumba kilikuwa kipana ghafla. Chini palibaki alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na nyuzi za rangi rangi zisizofagiwa.

"Nimekuletea maji," alisema mke wa mtunza mnara. "Najua si kitu. Nimeleta tu."

Fundi cherehani aliitazama ndoo, akamtazama mwenzake shingo ilivyokuwa inatetemeka kwa uzito. Akamsaidia kuitua. Kisha akaingia ndani, akatoka na sufuria na kikombe cha bati cha nusu lita, kikombe kile kile. Akachutama. Akachota kimoja, akamimina kwenye sufuria kwa uangalifu, bila kumwaga tone. Akachota cha pili. Alihesabu kwa midomo bila sauti. Alipofika cha tisa, kile cha mwisho cha baada ya mkutano, alisita kidogo, halafu nacho akakimimina. Akafunika sufuria.

"Vilikuwa tisa," alisema. "Haya mengine si yangu."

"Chukua yote, shoga. Nakuomba."

"Sidai zaidi ya nilichotoa."

Hakukuwa na hasira ndani ya sauti ile. Angalau hasira mtu angeweza kuipigia magoti. Fundi cherehani aliinama, akashika ndoo upande mmoja, mwenzake akashika upande wa pili, wakainyanyua pamoja kama walivyokuwa wakifanya miaka yote, na akamtwika vizuri, akahakikisha imekaa sawa juu ya ngata. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.